Kisiki na Pipa la Tatu

Mwanangu ana jina zuri alilopewa na bibi yake, lakini hakuna anayelitumia. Nyumbani na mtaani anaitwa Kisiki. Marehemu baba yake ndiye aliyemwita hivyo, siku alipokaa chini katikati ya njia akitaka kubeba mwenyewe mfuko wa sabuni uliomzidi uzito. Alikuwa hajafika hata umri wa kwenda shule. Tulimbembeleza, tukamtisha, tukajifanya tunaondoka na kumwacha. Hakusogea. Baba yake alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwache," alisema. "Hiki ni kisiki cha mpingo. Shoka litavunjika, chenyewe kitabaki."

Mfuko aliuburuta mwenyewe. Ukatoboka njiani, na sabuni ya unga ikachora mstari mweupe toka dukani mpaka mlangoni kwetu. Hadi leo, jirani akitaka kumkera humuuliza ilibaki sabuni kiasi gani.

Mimi mama yake ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni na sare za wauguzi. Tuna vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: meza ndefu ya kupigia pasi, kamba zilizovutwa toka ukuta hadi ukuta, na pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa. Watu huniuliza pasi ya mkaa ya nini siku hizi. Nawajibu wasubiri umeme ukatike, halafu waje waniulize tena. Uani nina mapipa matatu ya maji. Moja liko chini ya bomba, la pili nyuma ya jiko, na la tatu liko karibu na choo, limefunikwa kwa bati na jiwe juu yake. Hilo haliguswi mpaka yale mawili yakauke. Nikitoka nafunga mlango, naondoka, halafu narudi kuuvuta nione kama kweli nimefunga. Mume wangu aliaga asubuhi akienda kazini, mzima kabisa, na hakurudi. Tangu siku hiyo kitu kikiwa kimoja tu sikiamini.

Kisiki alikulia humo, kati ya mvuke na mapipa. Alisoma, akaenda chuo, akapata kazi katika kampuni inayotunza kompyuta za kampuni nyingine. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu waliokwama. Alikuwa akirudi jioni ananisimulia, sauti zote anaziigiza mwenyewe.

"Dada, kompyuta yangu imekufa."

"Pole, bwana. Umeiwasha?"

"Kuiwasha vipi?"

"Kuna kitufe upande wa kulia."

Kisha: "Haya, imefufuka. Usimwambie mtu."

Tulicheka sana na simu hizo. Kumbe zilikuwa zinahesabiwa siku. Meneja wao aliwaita wote akawaambia kitengo cha simu kinafungwa mwisho wa mwezi. Kazi sasa zinahamia kwenye wingu, na atakayebaki ni yule mwenye cheti cha wingu. Asiye nacho, wataagana kwa heri.

Nilimuuliza hilo wingu ni nini, maana mimi nalijua moja tu, lile linalonitoa mbio kwenda kuanua nguo za watu.

"Si la mvua, mama. Ni kompyuta nyingi zimepangwa kwenye majumba makubwa huko mbali. Badala ya kampuni kununua zake na kuzitunza, inakodi. Inalipia inachotumia tu. Kama watu wanavyoleta mashuka kwako badala ya kununua mashine ya kufulia."

"Basi wenye majumba hayo ni madobi."

"Madobi matajiri."

"Hao wamefua nini mpaka wakatajirika?" nilimuuliza, naye akacheka mpaka akamwaga chai.

Akaanza kujisomea. Alfajiri kabla ya kazi namsikia anaongea peke yake kama mtu anayegombana na ukuta. Mlango wa jiko letu ni mweusi kwa moshi. Aliuchora wote kwa kipande cha sabuni: masanduku, mishale, masanduku ndani ya masanduku. Nilikatazwa kuufuta. Kila nikienda kukoroga wanga wa kukazia nguo nasimama mbele ya ile michoro, naitazama kama mtu anayetazama mkono wa mganga ukipapasa tumbo la mwanawe, haelewi kinachotafutwa lakini hawezi kuondoa macho.

Mtihani wa kwanza aliufanyia mjini, kwenye ukumbi wa mitihani. Alirudi, akavua viatu, akakaa juu ya furushi la mashuka machafu.

"Nimeanguka," alisema.

Nilimletea maji. Kesho yake ofisini, meneja alimwambia mbele ya wenzake, "Si lazima kila mtu apande mawinguni. Wengine miguu yao imezoea chini, na chini pia kuna kazi."

"Ni kweli, meneja," Kisiki alimjibu. "Nitarudia."

"Mwezi unakwisha."

"Utanikuta hapa hapa."

Aliponisimulia majibu hayo, roho yangu nusu ilifurahi na nusu ilikimbilia mlangoni kutazama kama tumefunga. Mtu anayekulipa mshahara hajibiwi hivyo. Lakini Kisiki alikuwa ameshakaa katikati ya njia na mfuko wake.

Siku ya pili yake akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Ana duka la vifaa vya ujenzi: misumari, saruji, rangi, mabati. Ni mtu mwema, tena mcheshi, ila sauti yake imezoea kushindana na mashine ya kukatia vyuma.

"Shemeji, nimesikia mtoto wetu ameanguka kutoka mbinguni!"

"Shikamoo, baba mkubwa," Kisiki alisema bila kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Hujavunjika?"

"Bado nipo mzima."

"Basi sikiliza. Keshia wangu anaolewa, anaondoka. Kile kiti kina mto, kina feni, na dirisha linatazama barabara. Kazi ya duka haina mtihani. Mteja anataka msumari, unampa msumari. Njoo ukae." Akaweka ufunguo wa duka juu ya meza ya pasi. "Mwenye nao ndiye keshia wangu. Nimewapa ndugu nafasi ya kwanza."

"Ahsante, baba mkubwa," alisema Kisiki. "Siji."

"Usijibu na hasira ya kuanguka. Fikiri."

"Nimefikiri. Siji."

Shemeji akanigeukia mimi. Nami, kabla mwanangu hajasema lingine, niliuchukua ule ufunguo nikautia mfukoni. "Tupe siku chache, shemeji," nilisema.

Alipoondoka baba yake mkubwa, Kisiki aliniambia, "Mama, mrudishie."

"Nitamrudishia."

"Lini?"

"Nitamrudishia, mwanangu. Ufunguo hauli chakula." Niliuweka ndani ya kopo la vifungo, juu ya kabati la jikoni. Nilijua anajua uko pale. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja tena lile kopo.

Jioni moja tulikuwa tunakunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja ameshika pembe mbili, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana tena. Alikuwa ameweka simu wima juu ya meza, maswali ya mazoezi yanaonekana kwa Kiingereza, naye ananitafsiria huku tunakunja.

"Kampuni ina picha ndogo zinazotengenezwa kutoka kwenye picha kubwa. Zile ndogo zikipotea, zinatengenezwa upya mara moja. Wanataka kuzihifadhi kwa gharama ndogo kuliko zote. Waziweke kwenye jumba moja, au majumba matatu?"

"Matatu," nilisema. "Picha za watu hizo."

Akavuta pembe zake. "Kuna kazi ya hesabu. Ikikatizwa katikati inaanza tena, hakuna hasara. Wakodi kompyuta za bei ya chini ambazo mwenyewe anaweza kukunyang'anya wakati wowote, au za bei ya juu ambazo hakunyang'anyi?"

"Za kunyang'anywa? Nani mwenye akili anakodi kitu cha kunyang'anywa! Za bei ya juu."

Kisiki alisimama. Tulikuwa tumeachana wakati huo, shuka limetanda kati yetu, jeupe, linaning'inia kidogo katikati.

"Mama, hivyo hivyo ndivyo nilivyojibu mimi."

"Basi tumepatia."

"Tumekosa. Yote mawili."

Nikashusha pembe zangu. Akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Ile ripoti ya matokeo ilisema nimeanguka kwenye sehemu ya gharama. Nikadhani sikusoma vizuri. Nilisoma vizuri. Kila swali nilichagua jibu la usalama. Kila mahali naweka mapipa matatu. Mama, mimi najibu kama wewe!"

"Kwa hiyo umeanguka kwa sababu yangu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

"Nimesema najibu kama wewe."

"Na mimi najibu kama nilivyoishi," nilisema, na sauti ilipanda bila ruhusa yangu. "Lile pipa unalolicheka, mwaka ule bomba lilipokauka mtaa mzima, nani alirudisha mashuka meupe? Dobi wa pale kona alirudisha yake yananuka. Wateja wake wote wakaja kwangu. Ada yako ya chuo ilichotwa ndani ya lile pipa. Usiniletee mimi mtihani wako. Mimi si swali!"

Shuka lilikuwa limeanguka sakafuni. Nililiokota, nikalirudisha kwenye karai la nguo chafu, nikaenda jikoni. Ile michoro ya sabuni ilikuwa inanitazama. Nilishika kitambaa kilicholowa. Mkono ulifika mpaka kwenye sanduku la kwanza, ukasimama hapo. Nikakiweka chini kitambaa.

Asubuhi nilimkuta uani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama pipa la tatu.

"Hukukosea, mama," alisema kabla sijamsalimu. "Wewe uliulizwa swali lingine. Mwaka ule swali lilikuwa, maji yasikatike hata tone moja. Maswali ya hivyo kwenye mtihani yapo. Hospitali, kwa mfano, kumbukumbu za wagonjwa zisipotee hata jumba moja likiungua. Hapo jibu ni mapipa matatu, na nilipata. Lakini mengine yanauliza, kidogo kinachotosha ni kipi? Mimi nikishaona neno kupotea, moyo unaruka, nakimbilia mapipa. Swali lenyewe sijalimaliza."

"Moyo huo ni wa kwangu," nilisema.

"Ndiyo. Sitaki urudi kwako. Nataka tu moyo huo usome swali mpaka mwisho."

Nilicheka, na kicheko hicho kilikuwa na machozi ndani yake, nikayapangusa kwa mkono wenye povu la sabuni, yakazidi.

Toka siku hiyo nilipewa kazi moja. Yeye anasoma swali kwa sauti. Kabla hajajibu, mimi, popote nilipo, nikiwa nasugua au naanika, lazima niulize, "Wameuliza nini?" Basi. Sikuruhusiwa kusema zaidi. Na ilikuwa kazi ngumu, maana kila swali mdomo wangu ulitaka kusema matatu. Nilikuwa nauma kibanio cha nguo. Majirani walidhani nimeanza kuchanganyikiwa, wanasikia ukutani sauti inasoma, halafu sauti nyingine inauliza, wameuliza nini, wameuliza nini, kama mtu aliyechelewa kikao.

"Wameuliza bei ndogo, mama, na kitu kinaweza kutengenezwa upya."

Halafu anajibu, "Jumba moja." Nikisikia jumba moja nauma kibanio kwa nguvu zaidi, kama nimeona mtoto anakimbia na kisu. Lakini alikuwa anapatia. Kila siku alikuwa anapatia zaidi.

Ukumbi wa mjini ulikuwa umejaa mpaka mwezi unaofuata. Ikabidi mtihani wa pili aufanyie nyumbani, mbele ya kamera ya kompyuta yake ya kubeba. Akanieleza masharti. Chumba kiwe kitupu. Meza iwe tupu. Kuna msimamizi anayekutazama toka nchi ya mbali. Mtu mwingine akiingia, hata akifungua mlango tu, mtihani umefutwa.

"Hata mama?"

"Hasa mama," alisema.

Chumba chenye mtandao mzuri ni kile cha kazi. Siku yenyewe tulianza mapema kukihamisha. Tulitoa mashuka, sare, kamba, makarai, wanga, vibanio. Sijawahi kukiona chumba kile kitupu tangu tulipohamia. Kilikuwa kikubwa, tena kina ufa ukutani nisioujua. Kabla mtihani haujaanza nikasimama kizingitini wakati Kisiki anazungusha kamera kumwonyesha msimamizi kuta nne na chini ya meza.

"Anaandika," Kisiki aliniambia. "Anauliza kile kitu cheusi kwenye kona ni nini."

"Mwambie pasi ya mkaa."

Aliandika, akasubiri. "Anasema kitoke."

Nikaingia nikaikumbatia pasi yangu kama mtoto aliyefukuzwa shule, nikatoka nayo. Kisiki alikuja mpaka mlangoni.

"Umeme ukikatika?" nilimuuliza haraka.

"Kompyuta ina betri. Intaneti natumia ya simu, na msimamizi ameniruhusu niiweke kule mwisho wa meza."

"Betri ikiisha?"

"Inatosha, mama."

"Lakini ikiisha?"

"Mama. Wameuliza nini?"

Akafunga mlango. Nikasikia kitasa kikigeuka, na kwa mara ya kwanza sikuuvuta kuona kama umefungwa kweli.

Nilikaa kwenye kigoda, mgongo wangu ukigusa mlango. Nyuma ya kigoda, chini ya shuka, lilikuwepo betri kubwa nililoazima kwa kinyozi wa jirani bila Kisiki kujua. Nililibeba mimi mwenyewe, zito kama dhambi, na sasa halikuwa na njia ya kuingia. Kinyozi alikuwa amekubali kuzima redio. Watoto wa jirani niliwapa pipi ya kunyamaza, na nyingine nikawaahidi wakiendelea kunyamaza. Sauti iliyobaki ilikuwa ya fundi wa kuchomelea mageti ng'ambo ya barabara, na huyo sikumwogopa, kwa sababu kelele zake zilikuwa ushahidi kwamba umeme upo.

Ndipo akaja shemeji.

"Hodi wenyewe!"

Niliruka nikamkuta katikati ya ua, kidole mdomoni. "Shemeji, tafadhali, pole pole."

"Mbona unanong'ona kama mwizi nyumbani kwako? Na hizi nguo zote nje, mnahama?"

"Anafanya mtihani."

"Tena?" Alipunguza sauti, ila sauti yake ikipunguzwa bado ni sauti ya mtu mwingine akiita. "Shemeji, mimi nimekuja kwa ajili ya ule ufunguo. Yule keshia ameshaondoka. Nimekaa mwenyewe kwenye kile kiti toka juzi, watu wananiibia misumari. Kuna kijana wa rafiki yangu anaitaka kazi. Lakini ndugu kwanza. Niambie leo, anakuja au haji?"

"Subiri amalize."

"Ninaye mteja wa mabati ananisubiri dukani. Nataka jibu sasa hivi."

Wakati huo huo fundi wa mageti alinyamaza. Si kama mtu anayepumzika. Alinyamaza katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha tukamsikia akitukana.

"Umeme huo umekwenda," alisema shemeji. "Si unaona? Mtihani wenyewe umekwisha. Mungu akikufungia mlango, shemeji, usiugonge na kichwa. Ngoja nimwite." Akaelekea mlangoni.

Sijui nilifikaje, ila nilifika kabla yake. Nilisimama mgongo ukiwa kwenye mbao, mikono nimeitanua.

"Shemeji," nilisema, na sikuwa nanong'ona sana, "mlango huu ukifunguka, kazi yake yote imekufa. Nakuheshimu, wewe ni baba kwa mwanangu. Lakini ukiugusa, undugu wetu utapata doa ambalo hata mimi dobi sitaliweza."

Alirudi nyuma hatua moja. Tangu nilipoolewa hakuwa amewahi kunisikia nikimwambia neno kama hilo. Hata mimi sikuwa nimewahi kujisikia.

"Haya, haya, yaishe," alisema. "Simwiti. Basi nijibu wewe. Anakuja au haji?"

Moyo wangu ulifanya kile unachofanya siku zote. Ulisema, mwambie angoje. Kopo liko juu ya kabati, ufunguo umo, mapipa mawili ni bora kuliko moja. Nyuma yangu hapakuwa na sauti yoyote. Sikujua kama ile kompyuta bado inawaka au mwanangu amekaa gizani mbele ya kioo cheusi. Betri la kinyozi liko miguuni mwangu na siwezi kulipitisha. Nikajiuliza, kwani wameuliza nini? Shemeji hakuniuliza kama naogopa. Hakuniuliza kama mwanangu atapita. Aliuliza anakuja au haji, na hilo Kisiki alishalijibu mara mbili mbele yangu. Aliyekataa kusikia nilikuwa mimi, nimeweka jibu lake ndani ya kopo la vifungo.

Nikamwambia shemeji asimame pale pale. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapanda kigoda cha jikoni, nikautoa ufunguo kwenye kopo.

"Haji," nilisema, nikaweka ufunguo kiganjani mwake. "Ahsante kwa kutufikiria. Mpe yule kijana."

"Na akianguka tena?"

"Akianguka atainuka, na atainuka akitazama huko huko."

"Nafasi haitangoja, shemeji. Sikutishi, nakwambia."

"Isingoje."

Aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Miaka yote nalaumu damu ya mdogo wangu kwa ubishi wa yule mtoto," alisema. "Kumbe tulikuwa tunatazama mti usio wenyewe." Akaondoka, na langoni nilimsikia akianza kucheka. Nilimpenda kwa kicheko kile.

Mimi nilirudi kwenye kigoda changu. Sasa hapakuwa na kitu chochote nyuma yetu. Pipa lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa ndani ya chumba kile na mlango umefungwa.

Jua lilikuwa limehama toka upande mmoja wa ua kwenda wa pili kitasa kilipogeuka. Kisiki alitoka, macho mekundu, nywele zimesimama upande mmoja alikokuwa akizishika.

"Mbona fundi wa mageti kanyamaza?" aliuliza.

"Umeme umekatika toka muda mrefu."

"Kweli?" Alitazama taa ya jikoni. "Hata sikujua."

Hata hakujua! Na mimi nje nimekufa mara saba.

Akaliona betri. Akalifunua shuka, akaliangalia, akaniangalia. "Mama."

"Ni la kinyozi. Nalirudisha sasa hivi." Nikavuta pumzi. "Ufunguo pia nimerudisha."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba huji."

"Kabla hujajua kama nimepita?"

"Kabla."

"Wewe?"

"Kwani nina pacha?"

Alikaa chini, pale pale mlangoni, miguu ameinyoosha katikati ya njia, akacheka kama baba yake, mkono ukutani. Nilimruka kwenda kuanua nguo.

Matokeo hayakuja siku hiyo. Yalikuja kesho yake, akiwa ofisini, na hakunipigia simu. Alipanda gari mchana wakati wa chakula akaja mpaka nyumbani, akanikuta napiga pasi sare ya muuguzi. Alisimama upande wa pili wa meza.

"Nimepita."

Niliiweka pasi wima, maana nguo ya watu haiungui kwa furaha yangu. Kisha nikazunguka meza. Tulishikana pale katikati ya kamba, sare zikitupiga usoni. Baadaye ndipo nikamuuliza amepita kwa kiasi gani.

"Kidogo tu juu ya mstari."

"Ungeongeza kidogo..." nilianza.

"Mama. Inatosha."

Aliniambia kwamba meneja naye aliitazama karatasi ya matokeo kwa muda, akasema alama hizi si nyingi sana. Kisiki akamuuliza, "Meneja, ulituomba alama nyingi, au ulituomba cheti?" Wenzake wakatazama meza zao. Meneja akakuna kidevu, akasema wiki ijayo aripoti kitengo cha wingu. Nilimgombeza kwa jibu hilo. Nilimgombeza mpaka akamaliza kula. Alipoondoka nilikuwa narudia peke yangu, cheti au alama nyingi, cheti au alama nyingi, na pasi ilikuwa inateleza yenyewe.

Jioni bomba lilitoa maji. Nilijaza pipa la kwanza, nikajaza la nyuma ya jiko. Nikafika kwenye la tatu, nikaondoa jiwe, nikaondoa bati. Lilikuwa limepungua kwa jua. Kisiki alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anafuta michoro yake ya sabuni taratibu, ananitazama kwa pembe ya jicho.

Nikalifunika kama nilivyolikuta, nikaingia ndani.

Asubuhi yake nililijaza hadi mdomoni.